Kisu Kikali Hakimeti

Mzee anayenoa visu mtaani kwetu hana kengele wala kipaza sauti. Tunamjua kwa mlio wa jiwe lake. Akifika chini ya mwembe huinyanyua baiskeli juu ya stendi yake nzito, hupanda kama anayesafiri, na kila akikanyaga pedali, mkanda huzungusha jiwe dogo la kunolea alilolifunga mbele ya usukani. Baiskeli haiendi popote, cheche zinaruka, watoto wanajaa.

Siku hiyo nilimpelekea kisu changu cha nyama. Rafiki yangu anauza vyombo vya jikoni kwa njia ya simu, naye alikuwa ameniomba nimpigie picha za visu kwa karibu kabisa. "Makali yang'ae," aliniagiza, "mtu akiyatazama tu ajue hiki kinakata." Nikaona nianze na kisu changu mwenyewe, na nianze kwa kukinoa.

Mzee alinoa upande mmoja, akageuza, akanoa wa pili. Kisha akafanya jambo ambalo nimeliona mara nyingi bila kulitia maanani. Alikielekeza kisu juani, makali yakimtazama yeye mwenyewe, akafumba jicho moja, akakiinamisha taratibu.

"Bado, mwanangu," akasema. "Hapa panameta."

"Kwani mzee, kikimeta si ndiyo kikali?"

"Kinachometa ni butu. Makali yenyewe huyaoni."

Akarudi kwenye jiwe. Nilimlipa, nikarudi nyumbani na kisu kilichozungushiwa gazeti na swali lililonikaa kichwani. Nimeombwa picha ya makali yanayong'aa, na mtu anayeyajua makali kuliko wote mtaani anasema yakiwa mazuri hayaonekani. Sasa kamera ipige nini?

Kisu kilichovaa kanga

Picha ya kwanza niliipigia kwenye meza ya chakula, kando ya dirisha. Nilipoivuta karibu kwenye simu, kisu hakikuwemo. Kilichokuwemo ni kanga ya buluu iliyoanikwa kwenye kamba ya nje, nondo za dirisha, vidole vyangu na duara jeusi la lenzi. Kisu kilikuwa kimevaa kila kilichokizunguka.

Kosa halikuwa la simu. Ukuta uliopakwa chokaa hupokea mwanga na kuutawanya kila upande, ndiyo maana ukiutazama kutoka kokote unauona mweupe. Chuma kilichosuguliwa kikawa laini huurudisha mwanga upande mmoja tu, kwa pembe ileile ulioingia nayo, kama mpira unaodundishwa ukutani. Chuma cha pua kina ujanja wa ziada wa kubaki hivyo miaka na miaka. Angalau asilimia 10.5 ya uzito wake ni kromiamu, madini ambayo yakikutana na hewa hujifunika kwa utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache. Utando huo huzuia kutu, lakini ni mwembamba kiasi kwamba mwanga hupita kana kwamba haupo. Panga la shamba lenye kutu hupigika picha kirahisi kwa sababu limeshageuka ukuta. Kisu cha jikoni kimebaki kioo, na anayepiga picha ya kioo hupata picha ya kile kinachotazamana na kioo.

Basi nikaacha kuhangaika na kisu, nikaanza kuhangaika na kile ambacho kisu kinakiona. Wapiga picha wa saa na vito wana masanduku ya vitambaa vyeupe vya kulainishia mwanga. Mimi nilikuwa na karatasi iliyofungiwa maandazi ya asubuhi. Mafuta yalikuwa yameilowanisha, ikawa inapitisha mwanga bila kuonyesha kilicho nyuma yake. Niliisimamisha kati ya dirisha na kisu kwa vibanio vya nguo, na ubapa mzima ukawa mweupe shwari, bila kanga wala nondo. Upande wa pili nikatundika kipande cha kaniki.

Hapo ndipo umbo la kisu lilipojitokeza. Karibu na makali, chuma hakiendelei bapa. Kinateremka pande zote mbili kama paa la nyumba, na katika visu vingi vya jikoni kila mteremko umeinama nyuzi 15 hadi 20. Kioo kikiinama nyuzi 20, mwanga unaorudi hugeuka nyuzi 40, mara mbili yake. Kwa hiyo ubapa wangu ulikuwa unatazamana na karatasi, huku mteremko wa makali ukitazamana na kaniki. Ubapa ukatoka mweupe, mteremko ukatoka kama mstari mweusi uliochorwa kwa rula. Nilipoishusha karatasi na kuwasha tochi chini kabisa, karibu ilale mezani, mambo yakageuka: ubapa ukawa giza, na kila mkwaruzo ulioachwa na sponji ya chuma ukawaka kama uzi wa moto, kwa sababu kuta za mkwaruzo ndizo pekee zilizokuwa zimeinama vya kutosha kuirudishia lenzi mwanga.

Mtu mmoja alinishauri ninunue filta ya polaraizi, ile inayofuta mng'ao kwenye maji na vioo vya magari. Ni kitu cha kweli, na sayansi yake ina historia tamu: mwaka 1808 jijini Paris, Étienne-Louis Malus alitazama mwanga wa jua uliokuwa ukiakisiwa na madirisha ya kasri la Luxembourg kupitia fuwele ya kalsaiti, akaona kwamba akiizungusha fuwele, mng'ao unafifia na kurudi. Mwanga ulioakisiwa na kioo huwa umechambuliwa, mawimbi yake mengi yakitikisika upande mmoja, na filta huyakata hayo. Chuma kitupu hakiuchambui mwanga namna hiyo, kwa hiyo filta ikifungwa kwenye lenzi peke yake haina cha kukata. Nilibaki na karatasi yangu ya maandazi.

Milimita moja

Mwanga ulipotulia nikaazima kamera yenye lenzi ya kupigia vitu vidogo. Sensa yake ina upana wa milimita 36. Nilipokiweka kisu kizima, chenye urefu wa sentimita 20, kikaenea ndani ya picha, tundu la lenzi likiwa f/8, sehemu iliyotoka safi kutoka mbele kwenda nyuma ilikuwa na kina cha karibu sentimita 1.7. Hapo hata mkono ukicheza kidogo unasamehewa. Lakini rafiki yangu alitaka makali, siyo mpini. Nikasogea mpaka kipande cha milimita 36 tu cha makali kikaijaza picha, yaani kila milimita ya kisu imekuwa milimita moja kwenye sensa. Kina kikabaki kama milimita 1. Nilikuwa nimekuza kitu mara tano na nusu hivi, na kina kikapungua mara kumi na saba.

Hii ndiyo hesabu inayowatesa wote wanaopiga picha za vitu vidogo: ukikikuza kitu mara mbili, kina cha fokasi hupungua karibu mara tatu au nne. Ubapa uliolala ukitazamana na lenzi sawasawa unaweza kuenea ndani ya milimita moja. Ukiinuka upande mmoja, hata kwa unene wa sarafu, ncha inapotea kwenye ukungu huku kati pakiwa safi. Njia rahisi ya kwanza ni kulaza kisu sambamba na sensa. Mimi nilikikalisha juu ya donge la unga wa chapati, nikalibonyeza huku na kule hadi ubapa ukakaa sawa. Unga una subira kuliko stendi nyingi za dukani.

Njia ya pili ambayo kila mwenye kamera huikimbilia ni kulibana tundu la lenzi. Ukitoka f/8 kwenda f/22, kina kinapanda kutoka milimita 1 hadi zaidi ya milimita 2.5. Nilifanya hivyo nikitabasamu, mpaka nilipoifungua picha kwenye kompyuta. Kweli kila mahali palikuwa sawa, lakini palikuwa sawa kwa ukungu.

Aliyewahi kukaa ufukweni maji yakiwa yanajaa ameshaiona sababu yake. Wimbi la bahari kuu likipita kwenye mlango mpana wa miamba, huingia na kuendelea na safari yake moja kwa moja. Likipita kwenye upenyo mwembamba, hufunguka kama feni na kuenea ziwa lote la ndani. Mwanga nao ni wimbi. Ukiulazimisha kupita kwenye tundu dogo, hutawanyika, na wanafizikia huita jambo hilo difraksheni. Tena katika ukuzaji huu wa milimita moja kwa milimita moja, lenzi huwa imesogea mbali na sensa kiasi kwamba f/22 iliyoandikwa hufanya kazi kama f/44. Hapo nukta moja ya mwanga wa kijani, ambayo ingepaswa kuwa nukta, huvimba kwenye sensa hadi kuwa duara la karibu mikroni 60 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Sensa ya pikseli milioni 24 ya ukubwa huo ina pikseli zenye upana wa mikroni 6. Nukta moja imetandaza miguu kwenye pikseli kumi.

Kwa hiyo mpiga picha yuko kati ya kuta mbili. Akifungua tundu, fokasi inakuwa nyembamba kama ukucha. Akilibana, mwanga wenyewe unachafuka. Wanaoipenda kazi hii wamepata mlango wa pembeni: wanapiga picha nyingi, kila moja ikiwa safi mahali padogo, kisha programu kama Helicon Focus au Zerene Stacker inachuna sehemu safi ya kila picha na kuzishona pamoja. Kwa f/5.6, nikisogeza kamera milimita 0.4 kila hatua, picha 25 zilinitosha kufunika karibu sentimita 1 ya kisu kilichoinama. Lenzi yangu isingeweza kuipiga picha hiyo kwa mara moja.

Kwa mwenye simu, habari ni nzuri kiasi. Sensa ya simu ni ndogo, na udogo huo huipa kina kikubwa zaidi kwa picha ya namna ileile. Ubaya wake ni kwamba simu nyingi zenye uwezo wa kupiga vitu vidogo hutaka kusogezwa hadi sentimita 2 au 4, na hapo simu yenyewe inakuwa kivuli na mgeni mpya anayeonekana kwenye kioo. Mwanga uingie kutoka ubavuni, basi, na usivute picha kwa vidole kabla ya kupiga. Sogeza simu yenyewe.

Yaliyobaki ni adabu za jikoni. Futa kisu kwa spiriti, maana alama ya kidole ikikuzwa huonekana kama matuta ya viazi. Zima feni. Tumia taima ya sekunde mbili ili mtikiso wa kidole utulie kabla picha haijapigwa. Nilipoteza nusu saa nikitafuta kwa nini picha moja kati ya tatu inatoka na ukungu, hadi friji ilipozima mota yake na meza ikanyamaza. Na kisu chenye makali yaliyotazama juu kisiachwe mezani ukienda kupokea simu.

Shamba lililolimwa London

Sikuwa wa kwanza kuhangaika hivi. Mwaka 1665, Robert Hooke wa Royal Society mjini London alichapisha kitabu chake Micrographia, chenye michoro ya vitu alivyoviona kwa hadubini. Watu wanakikumbuka kwa kiroboto wake mkubwa. Lakini Hooke hakuanza na kiroboto. Kitu cha kwanza alichokieleza ni ncha ya sindano, na cha pili ni makali ya wembe. Alichagua kwa makusudi vitu ambavyo jicho linavihesabu kuwa vikali kupita vyote, akaonyesha jinsi vilivyo vinene na vilivyoparuzwa. Wembe uliotoka kunolewa ulionekana kwake una ukingo wenye upana, na chini ya ukingo huo mikwaruzo ya jiwe ilikuwa imepangana kama mifereji ya shamba lililolimwa.

Kilichonifurahisha zaidi ni jinsi alivyoupata mwanga wake. Hooke alilalamika kwamba chini ya hadubini ni vigumu kujua kama unachokiona ni kilima au shimo, kivuli au doa, weupe au mng'ao tu. Dawa yake mojawapo ilikuwa kuweka karatasi iliyopakwa mafuta kati ya kitu na jua. Zaidi ya miaka 350 baadaye nilikuwa nimefika palepale, kwa njia ya maandazi.

Picha za kamera zilikuja karne mbili baada yake. Henry Clifton Sorby, mtu wa Sheffield, mji wa Uingereza uliojengwa juu ya visu na mikasi, aliusugua uso wa chuma hadi ukawa kioo, akaulambisha tindikali kidogo, akauweka chini ya hadubini. Tindikali hula baadhi ya chembe za chuma kuliko nyingine, na palipokuwa kioo kitupu pakatokea ramani. Kufikia mwaka 1864 alikuwa na picha za chuma zilizopigwa kupitia hadubini. Wahandisi wanaochunguza reli iliyovunjika au boila iliyopasuka bado wanafuata hatua zake: sugua, lambisha tindikali, tazama.

Mji huohuo ndiko Harry Brearley alikotengeneza chuma chake cha pua mwaka 1913, alipokuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika haraka. Moja ya dalili zilizomshtua ni kwamba chuma hicho kiligoma kuliwa na tindikali ileile ambayo wachunguzi walihitaji ili wakione kwa hadubini. Kisu kinachoikaidi kamera yangu mezani ni mjukuu wa chuma kilichoikaidi hadubini.

Nyota kwenye makali

Sasa turudi kwa mzee na neno lake. Nilichukua visu viwili: kile alichokinoa, na kisu cha vitunguu ambacho hakijaona jiwe tangu mwaka jana. Nikavipiga makali yakitazama lenzi, taa moja tu ikiwa juu, chumba kikiwa na giza. Kisu cha vitunguu kilitoa mstari mweupe uliokatika hapa na pale, mzuri kama mkufu wa fedha. Kisu cha mzee kilitoa miteremko miwili ya kijivu inayokutana, na pale inapokutana hapakuwa na kitu.

Makali butu ni makali yaliyoviringika. Ukikikata kisu katikati na kukitazama kwa upande, badala ya pembe kali ungeona kichwa cha mviringo, kama cha kidole. Mviringo wa chuma ni kioo kilichobinuka, na kioo kilichobinuka kina kipande kinachotazama kila upande. Popote taa ilipo na popote jicho lilipo, kuna sehemu ya mviringo huo iliyoinama sawasawa kuzikutanisha. Ndiyo maana ubutu haujifichi. Makali yaliyonolewa vizuri yana ukingo wenye unene usiofika mikroni 1, na wembe mpya hukaribia sehemu ya kumi ya mikroni. Uso wa kurudisha mwanga ni kama haupo, na kinachorudi ni kidogo mno kuonekana.

Kukuza zaidi hakusaidii. Mwanga tunaouona una mawimbi yenye urefu wa mikroni 0.4 hadi 0.7. Mwaka 1873 Ernst Abbe, aliyefanya kazi na mtengeneza hadubini Carl Zeiss katika mji wa Jena, Ujerumani, alionyesha kwamba hakuna hadubini ya mwanga inayoweza kutenganisha vitu vilivyokaribiana kuliko takriban nusu ya wimbi. Fomula yake imechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu yake mjini humo. Kwa lenzi bora kabisa kikomo hicho ni kama mikroni 0.2. Makali ya wembe yako chini ya hapo. Kuyapiga picha kwa mwanga ni kama kupima unene wa uzi kwa kamba ya nanga.

Wahenga walisema ukali wa jicho washinda wembe. Nilipokaa na kalamu, nikadhani nimewakamata. Jicho zima, kwa umbali wa sentimita 25, haliwezi kutenganisha nukta mbili zilizo karibu kuliko milimita 0.07 hivi, ambao ni unene wa unywele. Sehemu ya kumi ya mikroni ni ndogo kuliko hapo mara mia saba. Wembe umeshinda, tena kwa mbali.

Lakini kutenganisha si sawa na kuona. Toka nje usiku mkavu, mbali na taa za mji. Hakuna nyota hata moja ambayo jicho lako linaweza kuupima upana wake; zote ni ndogo mno. Hata hivyo unaziona, kwa sababu jicho halihitaji kujua upana wa kitu ili lipokee mwanga wake. Linahitaji kiwake tu, na nyuma yake pawe na giza. Sehemu butu yenye upana wa mikroni 10 ni ndogo mara saba kuliko kikomo cha jicho, lakini juani inawaka kama nyota kwenye anga jeusi. Mzee hapimi upana wa makali. Anahesabu nyota, na ananoa mpaka zimalizike.

Unywele dhidi ya chuma

Anayetaka kuyaona makali yenyewe inabidi aachane na mwanga. Hadubini ya elektroni, iliyoanzia kwa Ernst Ruska na Max Knoll mjini Berlin mwaka 1931, hutumia elektroni, ambazo mawimbi yake ni mafupi maelfu ya mara kuliko ya mwanga. Kwa chombo cha ukoo huo, makali yanarudi kuwa mandhari: vilele, mabonde, mapengo.

Agosti 2020, watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani walichapisha katika jarida la Science jibu la swali ambalo kila anayenyoa ndevu amewahi kujiuliza. Unywele ni laini kuliko chuma cha wembe karibu mara 50. Mbona basi wembe unakufa? Gianluca Roscioli, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu chini ya Cem Tasan, alinyoa ndevu zake mwenyewe na kuupeleka wembe kwenye hadubini baada ya kila kunyoa. Wengi tungetarajia kuona ukingo ukiviringika polepole kama sabuni. Yeye aliona umebanduka vipande. Kisha wakatengeneza kifaa kidogo cha kukatia nywele ndani ya hadubini yenyewe, wakaona jinsi inavyotokea: unywele ukiwa huru kupinda, wembe ukiufikia kwa mshazari, na chuma kikiwa hakilingani mahali pote, pengine kigumu pengine laini, nguvu zote hukusanyika kwenye mpaka mmoja dhaifu na kibanzi hung'oka.

Kisu cha jikoni hukutana na makubwa kuliko unywele: mfupa, sahani ya udongo, kokwa la embe. Kila pengo linaacha ukuta mdogo uliosimama, na kila ukuta uliosimama ni kioo kipya kinachosubiri jua.

Picha mbili

Wiki iliyofuata nilimpelekea mzee simu yenye picha yangu bora: vipande 25 vilivyoshonwa, miteremko miwili safi, makali meusi kama usiku wa mwezi mchanga. Alinyoosha mkono, nikadhani anaitaka simu. Alitaka kisu.

Akakielekeza juani, akafumba jicho, akakiinamisha mbele, nyuma, kidogo kushoto. Kidole gumba kikasimama sentimita mbili kutoka kwenye ncha. "Hapa umegonga mfupa."

Nilikuwa nimekipiga kisu kile zaidi ya mara mia na sikupaona. Nyumbani nilielewa kwa nini. Kamera yangu ilikuwa imetulia kwa pembe moja, na taa kwa pembe moja. Pengo dogo huwaka pale tu kuta zake zinapolingana na taa na jicho, na nje ya hapo ni giza kama makali mengine. Mzee hatulizi chochote. Mkono wake unapitisha kisu kwenye pembe zote kwa sekunde tatu, na jicho linakaa tayari. Niliijaribu njia yake kwa kamera: nikazima taa zote, nikaacha lenzi wazi kwa sekunde nane, nikapitisha tochi juu ya kisu kama upinde kutoka upande mmoja hadi mwingine. Picha ilipotokea, sentimita mbili kutoka kwenye ncha, palikuwa na nukta moja nyeupe.

Rafiki yangu nilimtumia picha mbili. Ya kwanza ni kisu cha mzee baada ya nukta ile kunolewa: kijivu, kimya, makali yake ni mahali ambapo chuma kinaishia tu. Ya pili ni kisu cha vitunguu, chenye mkufu wake wa fedha kutoka shina hadi ncha. Sikumwambia kipi ni kipi.

Alijibu kabla sijaiweka simu mezani. "Hiki cha pili ndicho chenyewe, kaka. Kwa makali hayo, kesho wateja wananimaliza."